Video ya Bongo Fleva ikiingia ndani ya filamu

Wadau, kuanzia Mang'ula, Ifakara mpaka Mlimba, siku hizi kila mwenye simu ni dairekta. Safi sana. Ila wengi tumejifunza kamera kwa kuangalia video za muziki, halafu tunashuti filamu ya machozi kwa staili ileile.

Kwenye video, picha inafuata biti. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, ukikata kila baada ya mapigo 4, kila shoti ni sekunde 2.4, yaani shoti 100 kwa wimbo wa dakika 4. Msanii yuko kwenye gari, mara yuko ufukweni na nguo nyingine, na hakuna anayeuliza kafikaje, maana wimbo ndio umeshikilia kila kitu. Hata slomosheni ina ujanja: wakati wa kushuti wimbo unapigwa kwa spidi mara mbili, msanii anafuatisha kwa midomo mbiombio, kamera inachukua fremu 50 kwa sekunde. Zikichezwa kwa 25, mwili unaelea lakini midomo inaenda sawa na wimbo.

Filamu ya maisha haina wimbo wa kukubeba. Anayebeba ni uso wa mwigizaji. Tuseme uko stesheni ya Tazara Ifakara: dada anamuaga mdogo wake anayekwenda Dar, na nauli imetoka kwenye hela ya mbegu za mpunga. Ukikata mara magurudumu, mara begi, mara mawingu, mtazamaji hamuoni dada akimeza mate. Na filamu ilikuwa hapo hapo!

Lakini si kwamba spidi ni mbaya. Mjerumani Tom Tykwer alitoa Run Lola Run mwaka 1998: binti ana dakika 20 apate mark 100,000 amwokoe mpenzi wake, na mbio hizo zinarudiwa mara 3 juu ya muziki wa tekno ambao Tykwer mwenyewe alishiriki kuutunga. Inakubali kwa sababu saa ndiyo hadithi. Tena katikati ya mbio anawalaza wapenzi hao kitandani, mwanga mwekundu, wanaongea taratibu. Hapo ndipo unawapenda.

Tykwer huyohuyo alikuwa nyuma ya Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga. Mwas anauza DVD kijijini huku akiigiza sinema za mapigano, kama machizi wetu wa vibanda vya video. Mji unamchapa haraka haraka, ila mwishoni, wenzake wakiwa wameuawa, anaachiwa jukwaa aongee.

Kwetu kuna Girlfriend (2003) ya George Tyson, iliyowaingiza kina TID na AY. Pale muziki una haki yake, hadithi yenyewe ni ya muziki.

Kwa hiyo ukimaliza kuediti, zima wimbo uangalie sini ikiwa kavu. Ikikufa mikononi, rudisha shoti ndefu ulizotupa. Na mkumbuke maiki: kwenye video sauti inatoka studio, kwenye filamu inatoka palepale, na mvua ya masika ikipiga bati la Ifakara hakuna programu itakayokurudishia maneno ya dada.