Beloti: karata ya Wafaransa ambamo ghulamu humshinda mfalme

Ukimtajia Mfaransa karata, aghalabu atakutajia beloti. Naieleza hapa kwa maneno ya karata ya Pwani yetu, na ninayo sababu. Kopa, uru, shupaza, pau na turufu ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, na leo nasikia vijana wakiyaacha na kutaja karata kwa Kiingereza kitupu.

Ilikotoka

Beloti nayo ilikuwa mgeni Ufaransa. Ilienea huko mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Ni ya ukoo mmoja na Jass ya Uswisi na Klaverjas ya Uholanzi. Kabla yake mikahawa ilitawaliwa na manille, mchezo unaoonekana katika tamthilia ya Marcel Pagnol, Marius, ya mwaka 1929.

Karata na hesabu zake

Hutumika karata 32, kuanzia saba hadi ree. Wachezaji ni wanne, wawili wawili, kila mtu akimkabili mwenzake. Nguvu za karata ni hizi, kuanzia ya juu:

- Turufu: ghulamu 20, tisa 14, ree 11, kumi 10, mfalme 4, bibi 3; nane na saba hazina kitu.
- Aina nyingine: ree 11, kumi 10, mfalme 4, bibi 3, ghulamu 2, tisa, nane na saba hazina kitu.

Jumla ni 152. Anayekula mkono wa mwisho huongezewa 10, zikawa 162.

Namna ya kucheza

Kila mtu hugawiwa karata tano, kisha moja hufunuliwa mezani. Kwa zamu, mtu aweza kuichukua, na aina yake ikawa turufu. Wote wakikataa, zamu huzunguka tena, na mtu aweza kutaja aina nyingine. Wakikataa tena, karata hugawiwa upya. Akipatikana wa kuchukua, hupewa mbili zaidi na wengine tatu tatu, kila mtu awe na nane.

Ni lazima kufuata aina iliyoanza. Usipokuwa nayo, ukate kwa turufu, isipokuwa mwenzako ndiye anayeongoza. Turufu ikishatoka, uipite kwa kubwa zaidi ukiweza.

Mwenye mfalme na bibi wa turufu hutamka “beloti” anapocheza wa kwanza na “rebeloti” kwa wa pili, akapata 20 asizoweza kunyang'anywa. Hata mitaani, jambo likijirudia, Mfaransa husema rebeloti.

Waliochagua turufu wakipata chini ya wapinzani, zile 162 zote huenda kwa wapinzani. Hapo ndipo penye utamu: ukichukua, unambebesha mwenzako dhamana, na kumkonyeza hairuhusiwi.

Nimemaliza sheria zote bila kuazima jina hata moja la karata kutoka Kiingereza. Wafaransa walimpokea mgeni wakamfanya mwenyeji hata akaingia katika mazungumzo yao. Sisi wageni wetu wa Kireno walishakuwa wenyeji zamani. Tusiwafukuze sasa, tuwafundishe watoto kusema turufu.