Sinki la Jiko la Biashara Pwani ya Mtwara: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Jiko la mgahawa, hoteli, shule au hospitali haliwezi kuwa salama iwapo maji yaliyooshea vyombo hayana njia ya uhakika ya kutoka. Katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani na vijiji vya pwani hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, uchaguzi wa sinki hukabiliwa na mambo mawili: hewa ya chumvi inayokula chuma, na ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe inayopitisha majitaka upesi kuelekea visimani na baharini. Kwa sababu hiyo, mnunuzi hana budi kujua kwanza maji yataishia wapi, ndipo atazame ukubwa na bei.

Idadi na kina cha mabeseni

Kwa vyombo vinavyooshwa kwa mikono, sinki linalofaa ni lenye mabeseni matatu: la kwanza kwa kuosha kwa sabuni, la pili kwa kusuuza, na la tatu kwa kuua vijidudu. Katika beseni la tatu hutumika maji ya moto yasiyopungua nyuzi joto 77 za Selsiasi kwa angalau sekunde 30, au maji yenye klorini ya miligramu 50 hadi 100 kwa lita, kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji wa dawa. Kabla ya kununua, sufuria kubwa kuliko zote jikoni ipimwe. Isipoingia kwenye beseni, itaoshewa sakafuni. Sinki la kunawia mikono liwe peke yake, wala lisitumike kuoshea samaki au mboga.

Aina ya chuma

Chuma kisichoshika kutu hakilingani ubora. Daraja la 304, lenye takribani asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, linafaa kwa majiko mengi ya ndani. Daraja la 316 huongezewa asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, hivyo huhimili chumvi zaidi. Ndilo linalopendekezwa kwa majiko yaliyo wazi karibu na ufukwe au yanayosafisha samaki na pweza kila siku. Kupima kwa sumaku hakutoshi, kwa kuwa yapo madaraja hafifu yasiyovutwa na sumaku. Mnunuzi adai daraja liandikwe kwenye risiti. Klorini nayo hutoboa chuma ikiachwa ikauke juu yake. Sinki lisuuzwe kwa majisafi kila baada ya kazi.

Sehemu ya kuchuruzisha vyombo

Kaya nyingi vijijini huanika vyombo kwenye kichanja, na kanuni hiyo ndiyo inayotakiwa katika jiko la biashara: chombo kikaushwe na hewa, kisifutwe kwa kitambaa kilichotumika kutwa nzima. Sinki liwe na ubapa pande zote mbili, upande mmoja kwa vyombo vichafu na wa pili kwa vilivyo safi. Ubapa huo uinamie kwenye beseni ili maji yasituame.

Bomba na mtego wa mafuta

Bomba la kutolea maji lisiwe chini ya milimita 50 kwa kipenyo, na liinamishwe takribani sentimita 2 kwa kila mita moja. Chini ya beseni iwepo kona inayobakiza maji ili kuzuia harufu na wadudu. Sinki la kuandalia chakula lisiunganishwe moja kwa moja na bomba la majitaka. Bomba lake liishie juu ya kipokea maji, kukiwa na uwazi usiopungua mara mbili ya kipenyo chake, ili bomba kuu likiziba uchafu usirudi kwenye chakula.

Tui la nazi, mafuta ya kukaangia na shahamu ya samaki huganda ndani ya mabomba. Mtego wa mafuta hupunguza mwendo wa maji na kuyapoza, mafuta yakaelea na kuondolewa. Usafishwe kabla mafuta na mashapo hayajafikia robo ya kina chake. Kumimina maji ya moto ili kuzibua hakusaidii, kwani mafuta huyeyuka na kuganda mbele zaidi. Maji ya choo yasipitishwe humo.

Mwisho wa majitaka

Pasipo na mtandao wa majitaka, karo lijengwe mbali na kisima, angalau mita 30, kwa ushauri wa wataalamu. Tahadhari hii inahusu uhai wa watu: kipindupindu huenea kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Inahusu pia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambamo wavuvi hupata kitoweo na kipato.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinasimamia usafi wa majengo na utupaji wa majitaka. Mwenye kukusudia kufungua jiko la biashara anashauriwa kumwonesha afisa afya wa halmashauri yake mchoro wa jiko kabla ya kununua sinki, kwa kuwa kubadilisha mchoro ni nafuu kuliko kuvunja sakafu.