Mali Bila Daftari: Funzo la Nyumba za Wakfu



Kila tunapofungua mchango wa mwaka, swali la kwanza barazani huwa: zile za mwaka jana zimefanya nini? Hilo si swali la fitina. Wazee wetu walikabiliana nalo zamani, na jibu lake mtaliona katika kuta za Mji Mkongwe.

Katika karne ya 19, wenye uwezo wengi waliweka wakfu nyumba, maduka na mashamba yao ili mapato yaende msikitini, chuoni, kwa maskini au kwa kizazi chao. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Mwenye kuiweka hutaja masharti yake na humteua msimamizi, yaani mutawalli. Mutawalli hamiliki kitu. Anakusanya kodi, na fiqhi inamtaka atoe kwanza gharama za kuitengeneza mali yenyewe, ndipo agawe kinachobaki. Mimi ni mhasibu, na sijafundishwa kanuni bora kuliko hiyo.

Udhaifu ulikuwa katika usimamizi. Mutawalli alikuwa mtu mmoja, na aghlabu hapakuwa na wa kumkagua. Alipokuwa mwaminifu, msikiti ulipata mikeka na mafuta ya taa. Alipofariki, ilikuwa rahisi kwa watoto wake kutojua lipi ni la wakfu na lipi ni la baba yao.

Mwaka 1905, chini ya himaya ya Waingereza, ikaundwa Kamisheni ya Wakfu. Sasa palikuwa na ofisi na kumbukumbu, lakini sauti kubwa ikawa ya maofisa wa kikoloni, walioipima sadaka kwa fikra za sheria za kwao. Kwa hiyo tulitoka kwa msimamizi asiyekaguliwa, tukaingia kwenye bodi iliyotoa hesabu kwa wakubwa wa juu kuliko kwa waliokusudiwa kufaidika.

Leo wakfu unasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Lakini kwa miaka mingi kodi za nyumba nyingi zilikuwa ndogo, hazikutosha hata kununua chokaa. Mvua ikaingia kwa juu, boriti zikaoza, kuta zikapasuka. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado ndani yake mna nyumba zilizobaki magofu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nayasema haya kwa sababu yananihusu. Niliposhika fedha za jumuiya yetu kwa miaka mitatu, hakuna hata mmoja aliyeomba kuliona daftari. Mlinisifu kwa uaminifu. Sikuiba, lakini ningeweza. Na niliposafiri kumuuguza mama yangu, mabati ya skuli yalisubiri wiki tano dukani, kwa kuwa saini ya benki ilikuwa yangu peke yangu. Hilo ni kosa langu, na ni kosa la mfumo tuliouridhia sote.

Basi naomba mkutano mkuu wa mwaka huu upitishe mambo matatu.

Kwanza, katika kila shilingi 100 tutakazochanga, 10 ziwekwe kwa matengenezo ya tulichokwisha kujenga, zisiguswe kwa ujenzi mpya.

Pili, mshika fedha asizidi vipindi viwili, saini za benki ziwe mbili, na mkaguzi asiwe mjumbe wa kamati wala jamaa wa mjumbe.

Tatu, hesabu zibandikwe ukutani skulini wiki mbili kabla ya mkutano, na zipelekwe kwa ndugu zetu walioko Maskati, London na kwengineko, ili aulize mwenye kuuliza.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: daftari lisilofunguliwa ni sawa na kutokuwapo. Changieni mwaka huu kama kawaida yenu, kwani paa la skuli bado halijakamilika. Kisha njooni mkutanoni muulize zimekwenda wapi. Atakayekasirika kwa swali hilo, msimpe funguo.