Fahamu Setilaiti za Kunasa Mawasiliano na Hifadhi ya Faragha ya Mwananchi

Setilaiti ya kunasa mawasiliano ni chombo kinachorushwa angani ili kusikiliza mawimbi ya redio yanayotoka duniani, yakiwemo ya simu, ya rada na ya mawasiliano ya kijeshi. Chombo hicho hakipigi picha. Kazi yake ni ya sikio.

Baadhi ya setilaiti hizo huwekwa kwenye obiti iliyo takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta. Katika umbali huo, setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha yenyewe, hivyo huonekana kama imesimama mahali pamoja. Obiti hiyohiyo hutumiwa na setilaiti za televisheni. Kwa kuwa Dar es Salaam ipo chini ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, setilaiti ya matangazo iliyo nyuzi 36 mashariki iko karibu juu kabisa ya paa za nyumba za Mbweni, Manispaa ya Kinondoni.

Marekani ilianza kurusha setilaiti za aina hiyo mwaka 1968 kwa mradi wa Canyon, ukifuatiwa na Rhyolite mwaka 1970, ambao taarifa zake zilipokelewa katika kituo cha Pine Gap nchini Australia. Zilitumia udhaifu wa minara ya mikrowevu: sehemu ya wimbi hupita mnara unaopokea na, kwa kuwa dunia ni mviringo, huendelea hadi angani. Wimbi hilo hufika likiwa hafifu mno, hivyo huhitaji antena kubwa sana kulinasa.

Mataifa mengine nayo yametajwa. Mwaka 2018, Waziri wa Majeshi wa Ufaransa, Florence Parly, aliituhumu Urusi hadharani kwa kuisogeza setilaiti yake karibu na setilaiti ya mawasiliano ya Ufaransa na Italia kwa nia ya kusikiliza.

Nchi iliyo chini ya obiti hiyo haina mamlaka ya kuzuia. Desemba 3, 1976, Kenya, Uganda na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizotia saini Azimio la Bogotá, zikidai umiliki wa sehemu ya obiti iliyo juu ya ardhi yao. Dai hilo halikukubaliwa kimataifa, kwa kuwa Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kumiliki anga hizo.

Nchini Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inatoa hifadhi kwa mawasiliano binafsi ya kila mtu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini ya kisheria, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasimamia ukusanyaji na matumizi ya taarifa za watu. Hata hivyo, sheria hizo hazina nguvu juu ya chombo cha taifa jingine kilicho angani. Huko, kinga ya mwananchi ni teknolojia.

Kinga ya kwanza ni mkongo. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipofika Dar es Salaam miaka ya 2009 na 2010, mawasiliano mengi na nchi za nje husafiri kama nuru ndani ya nyuzi za kioo, ambayo setilaiti haiwezi kuinasa. Kinga ya pili ni usimbaji, yaani kuugeuza ujumbe kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo wake. Ujumbe uliosimbwa vizuri ukinaswa, yaliyomo hubaki siri, ingawa mnasaji anaweza kutambua kuwa mawasiliano yamefanyika.

Kwa sababu hiyo, nywila, namba za siri za fedha na taarifa za afya zisitumwe kwa redio za upepo wala kwa njia yoyote isiyosimbwa. Redio hizo husikika na yeyote aliye kwenye masafa hayo, awe angani au nyumba ya jirani.