Franz Liszt: alipewa bure, akatoa bure

Tarehe 30 Julai 1865 mtu wa miaka 53 alipiga magoti mbele ya Askofu Mkuu Gustav von Hohenlohe, akapewa daraja ndogo nne: ya bawabu, ya msomaji, ya mpunga pepo na ya akoliti. (Papa Paulo VI alizifuta daraja hizo mwaka 1972, akaacha huduma mbili tu, ya msomaji na ya akoliti.) Mtu huyo hakutoka seminarini. Alikuwa Franz Liszt, mpiga piano aliyejulikana Ulaya nzima. Wengi walimcheka. Je, walikuwa na haki? Tuangalie maisha yake.

Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1811 katika kijiji cha Raiding, zamani hizo nchi ya Hungaria, leo Austria. Baba yake, Adam, alikuwa msimamizi wa kondoo za mtawala Esterházy. Katika ujana wake alikuwa novisi kwa Wafransisko. Akaona mtoto wake ana kipaji cha ajabu, akampeleka Wien kwa mwalimu Carl Czerny. Baada ya masomo machache Czerny akakataa kulipwa. Mzee Salieri naye alimfundisha utungaji bure. Tukumbuke neno hilo, kwani litarudi.

Mwaka 1827 Adam alikufa, Franz akiwa na miaka 15. Huko Paris kijana alifundisha watoto wa matajiri kutwa nzima, ili yeye na mama yake wapate kula. Siku zile alitamani sana kuwa padri, lakini mama yake na muungamishi wake walimzuia.

Tangu mwaka 1839 hata 1847 alizunguka Ulaya akipiga piano, yaani kile kinanda kikubwa ambacho nyuzi zake hugongwa na vinyundo. Zamani mpigaji alishiriki jukwaa na waimbaji na wengine; Liszt alithubutu kukaa peke yake mbele ya watu tangu mwanzo hata mwisho. Huko Berlin, mwaka 1842, alipiga mara 21 katika majuma 10, na watu walikuwa kama wamepagawa. Alipata feza nyingi, akagawa nyingi: kwa waliopatwa na gharika ya mto Danube mwaka 1838, na kwa sanamu ya Beethoven iliyosimamishwa Bonn mwaka 1845.

Hatutaficha makosa yake. Aliishi na mke wa mtu, Marie d'Agoult, akazaa naye watoto watatu. Halafu huko Weimar aliishi na Carolyne zu Sayn-Wittgenstein, ambaye naye alikuwa na mume. Walitaka kufunga ndoa Roma tarehe 22 Oktoba 1861, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo ruhusa ikasimamishwa. Msiba nao haukukaa mbali. Mwana wake Daniel alikufa mwaka 1859, ana miaka 20. Binti yake Blandine akafa mwaka 1862, ana miaka 26.

Mwaka 1863 Liszt alihamia katika nyumba ya watawa ya Madonna del Rosario, juu ya kilima cha Monte Mario. Papa Pio IX mwenyewe alikwenda kumtembelea huko, naye akampigia kinanda. Mwaka 1864 mume wa Carolyne alikufa, na njia ya ndoa ikawa wazi. Lakini wale wawili hawakuoana. Mwaka uliofuata Liszt akavaa kanzu.

Hakugeuka malaika siku ile, wala hakuwa padri. Hakuweza kusoma misa wala kuungamisha. Lakini tuangalie mikono yake ilifanya nini. Tangu mwaka 1847, akiwa na miaka 35, alikuwa ameacha kupiga piano kwa kujitafutia faida. Sasa alikwenda kati ya Roma, Weimar na Budapest akifundisha vijana mamia, wala hakuwatoza hata senti moja. Aliyopewa bure na Czerny, aliyatoa bure.

Alitunga misa kadhaa, na mwaka 1879 akamaliza muziki wa Njia ya Msalaba, vituo vyote 14. Si muziki wa kupigiwa makofi: sauti ni chache, na mahali pengine kinanda kinasali peke yake. Mchapishaji aliukataa. Liszt alikufa Bayreuth tarehe 31 Julai 1886 bila kusikia ukiimbwa mbele ya watu. Uliimbwa mara ya kwanza Budapest, Ijumaa Kuu ya mwaka 1929.

Basi, waliocheka waliona kanzu tu. Sisi tuone kazi. Bwana wetu Yezu Kristu alitufundisha kwamba talanta ni mali ya mwenye kuiazimisha. Katika parokia zetu yuko anayejua noti, yuko mwenye sauti nzuri, yuko fundi wa ngoma. Nani alikufundisha, ndugu? Ulimlipa kiasi gani? Na wewe, Jumapili hii, unamfundisha nani?