Unataka kuona roketi ikiruka mbele ya macho yako? Yajue haya kabla ya kukata tiketi

Kuangalia roketi ikirushwa kwenye simu ni jambo la kawaida siku hizi. Kusimama ufukweni na kuiona yenyewe ikipaa ni kitu kingine kabisa. Ardhi hutetemeka na kifua husikia mngurumo.

Lakini wapo wanaosafiri maelfu ya kilomita, wanalala hotelini siku mbili, halafu wanarudi nyumbani bila kuona hata moshi. Sababu ni moja: walipanga safari kama wanaokwenda kuangalia mechi. Roketi haina ratiba ya mechi. Saa inayotangazwa ni saa ya mapema kabisa ambayo roketi inaweza kuondoka. Hakuna anayeahidi kwamba itaondoka saa hiyo.

Haya ndiyo mambo ya msingi ya kujua.

Ni wapi pa kwenda?

Sehemu maarufu zaidi duniani kwa watazamaji ni pwani ya mashariki ya jimbo la Florida, Marekani. Hapo kuna Kituo cha Anga za Juu cha Kennedy cha NASA na, jirani yake, kituo cha kijeshi cha Cape Canaveral. Kutoka mji wa Orlando ni mwendo wa kama saa moja kwa gari.

Apollo 11 iliondoka hapo tarehe 16 Julai 1969 kuelekea mwezini. Inakadiriwa watu wapatao milioni 1 walijaa kwenye fukwe na barabara za eneo hilo kuitazama.

Sehemu za kutazamia ni nyingi, na kadhaa ni za wazi kwa umma:

- Ndani ya kituo cha wageni cha Kennedy. Hapa unalipa kiingilio. Baadhi ya majukwaa yake yako takriban kilomita 6 tu kutoka jukwaa la kurushia namba 39A.
- Ufukwe wa Playalinda. Uko karibu sana upande wa kaskazini, ila hufungwa ukijaa, na wakati mwingine hufungwa kabisa kwa sababu za usalama. Beba dawa ya mbu.
- Mji wa Titusville. Uko ng'ambo ya maji, kama kilomita 20 kutoka 39A. Watu hukaa kandokando ya maji na viti vyao vya kukunja.
- Cocoa Beach na bustani ya Jetty Park. Ziko upande wa kusini, na zinafaa zaidi kwa roketi zinazoondokea Cape Canaveral.

Kabla ya kuchagua, uliza roketi inaondokea jukwaa lipi. Majukwaa yametawanyika kwa kilomita nyingi, na sehemu iliyo nzuri leo inaweza kuwa mbali kesho.

Kwa nini huahirishwa mara kwa mara?

Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni hali ya hewa. Florida ina radi nyingi, hasa alasiri za miezi ya Juni hadi Septemba. Na si lazima radi iwe tayari inapiga. Roketi ikipita kwenye wingu lenye umeme inaweza kuichochea yenyewe. Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza, Novemba 1969, na ikanusurika. Tangu hapo masharti ya hewa ni makali.

Ya pili ni hitilafu. Artemis 1 ni mfano mzuri. Ilitakiwa kuondoka tarehe 29 Agosti 2022, umati ukiwa umeshakusanyika, ikaahirishwa. Tarehe 3 Septemba ikaahirishwa tena kwa sababu ya kuvuja kwa haidrojeni. Mwishowe iliruka tarehe 16 Novemba, saa 7:47 usiku kwa saa za Florida. Aliyekuja Agosti na tiketi ya kurudi kesho yake hakuambulia kitu.

Ya tatu ni watu. Bahari na anga chini ya njia ya roketi lazima viwe vitupu. Tarehe 30 Januari 2022 roketi ya Falcon 9 ilizuiwa kwa sababu meli ya watalii ilikuwa ndani ya eneo la hatari. Roketi iliondoka siku iliyofuata.

Kuna na hili: safari ya kwenda kituo cha kimataifa cha anga za juu huwa na sekunde moja tu inayofaa. Kituo kinazunguka Dunia kwa kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, na roketi lazima iondoke kituo kikiwa kimejipanga nayo. Sekunde hiyo ikipita, mara nyingi hapo ni mpaka siku nyingine.

Upange vipi safari?

Tenga siku, usitenge saa. Hesabu angalau siku tatu au nne baada ya tarehe iliyotangazwa, na zaidi kama ni roketi mpya. Roketi ambayo imeshazoea kuruka kila wiki huahirishwa kidogo kuliko ile inayokwenda kwa mara ya kwanza.

Kata tiketi ya ndege inayoweza kubadilishwa tarehe. Soma vizuri masharti ya tiketi ya jukwaani pia: safari ikiahirishwa, je, itatumika siku nyingine au pesa imekwenda?

Kwa msomaji anayetoka Afrika Mashariki, viza ya Marekani inaanza kwanza. Usingoje tarehe ya roketi ndipo uombe. Pata viza, halafu utafute roketi. Florida sasa hurusha roketi nyingi kila mwezi, kwa hiyo hutakosa ya kuona.

Na saa zisikuchanganye. Ratiba nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa, UTC. Ongeza saa tatu upate za Afrika Mashariki. Ikiandikwa 12:00 UTC, kwetu ni saa 9 alasiri.

Utaona nini hasa?

Mwanga kwanza. Injini zinawaka, moshi unatoka pembeni, na roketi inaanza kupanda polepole, kimya kabisa. Wengi hudhani kuna kitu kimeharibika. Hapana, sauti bado iko njiani.

Sauti huchukua karibu sekunde 3 kwa kila kilomita. Ukiwa kilomita 6, utasubiri kama sekunde 18. Ukiwa Titusville, inaweza kuwa karibu dakika nzima. Halafu mngurumo unafika, ukiwa mzito mwanzoni, kisha unakatika-katika kama turubai linalopigwa na upepo mkali.

Kwa Falcon 9, sehemu ya kwanza ya roketi wakati mwingine hurudi kutua nchi kavu, dakika kama 8 baada ya kuondoka. Usiondoke mapema. Inaposhuka husikika milipuko mikali, kama bunduki kubwa. Hiyo si ajali, ni kishindo cha kitu kinachopita mwendo wa sauti.

Na simu? Ukweli ni kwamba video yako haitaipita ile ya NASA. Usiku, mwanga huo huunguza picha yote ikawa doa jeupe. Kama lazima urekodi, isimamishe simu kwenye kitu, punguza mwanga, bonyeza, kisha inua macho utazame mwenyewe.

Je, ni salama?

Kwa mtazamaji aliye sehemu iliyoruhusiwa, ndiyo. Umbali ule wa kilomita kadhaa haukuwekwa kwa bahati mbaya. Roketi ni mafuta mengi yanayoungua kwa kudhibitiwa, na siku moja moja udhibiti huo hushindwa.

Tarehe 28 Januari 1986, asubuhi ya baridi kali, chombo cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuondoka. Wanaanga wote 7 walifariki, na familia zao zilikuwa hapo zikitazama. Kwa hiyo ukisikia wameahirisha kwa ajili ya baridi, upepo au kipimo kimoja kisichoeleweka, usikasirike. Asubuhi ile wahandisi waliokuwa na wasiwasi na baridi hawakusikilizwa.

Afrika Mashariki tumewahi kurusha roketi?

Ndiyo, na wengi hawajui. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitaliano waliweka jukwaa baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni. Liliitwa San Marco.

Eneo hilo lilichaguliwa kwa sababu liko karibu kabisa na ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta kasi hiyo hufikia kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoondoka hapo hupata msukumo wa bure. Na ikianguka, inaanguka majini.

Kati ya 1967 na 1988 roketi 9 aina ya Scout zilipeleka setilaiti angani kutoka hapo. Maarufu zaidi iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Kwa heshima hiyo setilaiti ya NASA ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Tangu 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa kutoka San Marco. Kituo cha nchi kavu cha Ngomeni kimebaki na kazi ya kufuatilia vyombo vilivyoko angani. Kwa sasa, anayetaka kusikia mngurumo wenyewe lazima avuke bahari.

Kwa kifupi

Viza kwanza. Ujue jukwaa. Beba maji, kofia, kiti, dawa ya mbu na chaja, na ufike saa kadhaa kabla, maana foleni ya magari ni ndefu. Weka siku za ziada. Na hesabu ikisimama sekunde chache kabla ya kuondoka, usikunje kiti chako haraka: sikiliza kwanza kama wamesema leo basi, au wamesema subirini.