Dawa ya unga isiyokubali maji: mfano wa Kisumu

Wengi wetu hapa Pwani hudhani ukitia dawa ya unga ndani ya maji na kutikisa mara moja, kazi imekwisha. Mimi nasema hapo ndipo inapoanza, na mfano wangu nautoa Kisumu.

Miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani lilifanya majaribio huko ya kupambana na malaria kwa kunyunyizia kuta za nyumba fenitrothioni, gramu 2 kwa kila mita mraba. Dawa hiyo ni ya mafuta mafuta, haipatani na maji. Ikabidi iingizwe ndani ya unga laini uliotiwa kiungo cha kulowesha.

Bila kiungo hicho unga wa namna hii huelea. Chembe zake hung'ang'ania hewa, na maji hujiviringa juu yake kama tone la mvua kwenye jani la majimbi. Ukiukoroga kwa nguvu unapata madonge, nje yamelowa, ndani makavu. Kiungo cha kulowesha hufanya kazi ya sabuni: upande mmoja hushika chembe, wa pili hushika maji.

Hata hivyo hatua za mkono zabaki. Tia maji kidogo kwanza, uponde mpaka upate rojo, ndipo uongeze maji yaliyobaki. Mama zetu hufanya vivyo hivyo na unga wa uji: maji baridi kwanza, sufuria baadaye.

Kisha kuna kutuama, na hapa ndipo watu huumia. Chembe hazijayeyuka, zimesambaa tu, na zikiachwa zinashuka. Mrija wa bomba hunyonya kutoka chini. Ukinyunyiza mililita 40 kwa mita mraba, lita 10 zinatosha mita 250. Usipotikisa njiani, nyumba ya kwanza inapata dawa ya kupindukia na ya mwisho inapata maji matupu. Mbu wa nyumba hiyo ya mwisho hafi, na watoto wamelala humo wakiamini wamekingwa.

Migori, mwaka 2017, unyunyizaji uliporudi, dawa ilikuja ikiwa vifuko vidogo mno ndani ya maji, si unga tena. Nayo hutikiswa.

Kwa mkulima wa nyanya mwenye dawa ya ukungu, kanuni ni ile ile. Usijitilie sabuni ya kufulia. Soma karatasi ya pakiti, vaa glavu na barakoa, na maji ya kusuuza bomba yasiishie mtoni wala ziwani.